LUGHA YA SALAMU NA LUGHA YA UAMUZI: KISWAHILI NA UMOJA WA TAIFA KATIKA MIJI YA MLIMA KENYA

1. Utangulizi

Suala la umoja wa taifa katika nchi yenye makabila mengi na dini nyingi limezungumzwa sana na wanasiasa, na kidogo tu na wanaisimu. Mara nyingi hujibiwa kwa sentensi moja, kwamba Kiswahili ndicho kiungo cha taifa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halielezi ni kwa njia gani lugha huunganisha watu, wala ni katika hali gani hushindwa kuwaunganisha. Makala haya yanakusudia kulichunguza jibu hilo katika eneo ambalo wataalamu wa Kiswahili hawalitaji mara nyingi, yaani miji inayouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Murang'a, Embu, Meru, Nanyuki na, kwa upande wa kaskazini, Isiolo.

Eneo hili lafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, lugha zake za asili zina nguvu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwataja Wakikuyu kuwa 8,148,668, kabila kubwa kuliko yote nchini Kenya. Nao Wameru na Waembu, ambao lugha zao zina udugu wa karibu na Kikuyu, ni majirani zao mlimani. Mkulima wa vijijini aweza kusali, kuuza kahawa yake, kufunga ndoa na kuzikwa pasipo kuhitaji lugha nyingine. Pili, miji yenyewe haikuwa ya kabila moja tangu ilipoanzishwa. Kwa hiyo, hapa Kiswahili hakipimwi pale ambapo watu hawana lugha nyingine ya pamoja, kama ilivyo katika bandari au migodi. Kinapimwa pale ambapo walio wengi wanaweza kuishi bila ya kukitumia, na walio wachache hawawezi.

Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili kimekuwa daraja mlimani, lakini daraja hilo mara nyingi huishia katikati ya mto. Ili kueleza kwa nini ni hivyo, itafaa kutazama kwanza jinsi lugha hii ilivyofika.

2. Njia tatu za kufika

Njia ya kwanza ilikuwa ya msafara. Mwaka 1887 Count Teleki alipita katika nchi ya Wakikuyu akielekea Mlima Kenya. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar na Pwani, na kiongozi wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani. Misafara ya namna hiyo ilihitaji chakula, na chakula kilinunuliwa kwa maneno pamoja na bidhaa. Baadaye, Waingereza walipojenga ngome zao, Fort Hall (Murang'a ya leo) mwaka 1900 na Nyeri mwaka 1902, watu wa misafara waligeuka kuwa askari, wapishi, wachuuzi na mafundi wa boma. Hao ndio waliounda vijiji vya Kiislamu vilivyo kando ya ofisi za serikali. Majina ya mitaa yangali yakishuhudia jambo hilo: iko Majengo katika Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru, na Murang'a uko mtaa wa Mjini. Majina haya ni ya Kiswahili, si ya Kikuyu wala Kimeru. Nayo yaonyesha kwamba katika nchi ya mlima, wazo la kuishi mjini lilikuja pamoja na lugha hii.

Njia ya pili ilikuwa ya amri. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika jeshi la King's African Rifles, katika polisi, na katika mashamba ya walowezi yaliyoenea kutoka Nyeri hadi Nanyuki na uwanda wa Laikipia. Hicho hakikuwa Kiswahili cha mashairi. Kilikuwa Kiswahili cha vitenzi vya kuamrisha: njoo, leta, beba, simama. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na hasa watu walipokusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi kuanzia mwaka 1954, lugha ya askari kutoka makabila mengine ilisikika mlangoni mwa kila nyumba. Kwa wazee wengi wa Nyeri na Murang'a, sauti ya kwanza ya Kiswahili waliyoikumbuka ilikuwa ya mtu mwenye bunduki.

Hata hivyo, njia hiyohiyo ya amri ilizaa jambo jingine. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyejulikana baadaye kwa jina la Jenerali China, alitumikia katika King's African Rifles huko Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Katika jeshi hilo askari wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili, na mazungumzo yao baina ya askari na askari hayakuwa tena ya amri. Lugha aliyotumia mkubwa kumwamrisha mdogo ilitumiwa na wadogo kupeana habari za nchi zao. Chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kimeendelea kwa miongo mingi kuwakutanisha vijana wa kila pembe ya Kenya kwa lugha hiyohiyo, ya amri uwanjani na ya urafiki bwenini.

Njia ya tatu ilikuwa ya soko. Reli iliyopita Karatina hadi Nanyuki, maduka ya Wahindi, magari ya mizigo na soko kubwa la Karatina vilihitaji lugha ya bei na ya ahadi. Hapa hakukuwa na mkubwa wala mdogo, kwani mnunuzi na muuzaji wanahitajiana. Hiki ndicho Kiswahili ambacho watu wa mlima walikipokea kwa hiari, nacho kimeacha alama ndani ya lugha zao wenyewe.

3. Ushahidi wa maneno ya mkopo

Kikuyu kimekopa kutoka Kiswahili maneno mengi ya maisha ya mjini, na namna kilivyoyakopa yaeleza mengi. Soko limekuwa thoko, sabuni thabuni, saa thaa, meza metha, serikali thirikari. Duka limekuwa nduka, gari ngari, dini ndini, dawa ndawa. Kalamu imekuwa karamu. Kitanda kimekuwa gĩtanda, na kikombe gĩkombe. Pesa imekuwa mbeca.

Msomaji ataona kwamba mabadiliko haya yana kanuni. Kikuyu hakina sauti l, kwa hiyo r huchukua nafasi yake. Sauti s ya Kiswahili kwa kawaida hugeuka th, ingawa katika neno kama mbeca imepokewa kwa c. Sauti b, d na g, zinavyotamkwa katika Kiswahili, hazimo katika Kikuyu ila zikitanguliwa na nazali. Ndiyo sababu duka huhitaji n mbele yake. Tena, k ya kiambishi hulegea na kuwa g ikifuatwa katika silabi ijayo na konsonanti isiyo ghuna kama t au k. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya watu wenyewe wajiite Gĩkũyũ, hali Kiswahili chawaita Wakikuyu.

Kanuni hizi zatupa mambo mawili. La kwanza ni la historia. Maneno yaliyokopwa ni ya biashara, nyumba, dini na utawala, na yamezama katika lugha kiasi kwamba mzungumzaji wa kawaida hayahesabu kuwa ya kigeni. Kiswahili si mgeni wa jana mlimani.

La pili lagusa umoja moja kwa moja. Kanuni iliyotoa thoko na nduka ndiyo itoayo matamshi ya Kiswahili yanayochekwa mitaani na katika vichekesho vya redio na televisheni: r na l kubadilishana nafasi, au nazali kuingizwa mbele ya d na b. Mzaha huo huonekana kuwa mdogo, lakini matokeo yake si madogo. Mtu anayejua kwamba akifungua kinywa atachekwa hurudi katika lugha ya nyumbani, na mgeni aliye mbele yake humdhania kuwa ana kiburi cha kikabila. Huenda ana haya tu. Mwalimu anayejua fonolojia ya Kikuyu na ya Kimeru aweza kumwonyesha mwanafunzi kosa lake bila ya kumwaibisha, kwa kuwa anajua kosa hilo si ujinga bali ni sarufi ya lugha moja ikifanya kazi ndani ya nyingine.

4. Dini na lugha

Dini mlimani zimegawana lugha kwa namna yake. Wamisionari wa Consolata walifika mwaka 1902 na kuenea Murang'a na Nyeri. Kanisa la Scotland lilianzisha kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Pande zote mbili ziliweka nguvu katika Kikuyu. A. R. Barlow wa Kanisa la Scotland alichapisha uchunguzi wake wa sarufi ya Kikuyu mwaka 1914, na Wakatoliki wa Nyeri wakaanza kuchapisha gazeti la Wathiomo Mukinyu mwaka 1916. Agano Jipya lilitoka kwa Kikuyu mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1951. Hii ilikuwa kazi kubwa ya elimu, na bila hiyo fasihi iliyoandikwa ya Kikuyu isingalikua. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina aliyepata Tuzo la Noma mwaka 1984, ni mrithi wa mapokeo hayo ya kusoma na kuandika.

Lakini mgawanyo huo ulikuwa na gharama. Ukristo ulisemwa kwa Kikuyu na Uislamu ukasemwa kwa Kiswahili, na tofauti ya imani ikageuka kuwa tofauti ya lugha na ya mtaa. Jina Mswahili, mlimani kama kwingineko bara, likaja kumaanisha Mwislamu wa Majengo, hata kama nyanya yake alikuwa Mkikuyu wa Tetu au Mmeru wa Imenti. Mtu wa namna hiyo ana Kiswahili kwa lugha ya mama, ni mzaliwa wa mlima, na bado huulizwa kwao ni wapi. Kama Kiswahili ni lugha ya taifa, huyu ndiye aliyeitangulia hali ambayo taifa linataka wote waifikie. Na ndiye ambaye hadi leo hana jibu fupi la swali la kabila.

Mambo yamebadilika kiasi. Makanisa mengi ya mjini sasa huwa na ibada ya Kiswahili mbali na ile ya lugha ya kienyeji, hasa Nanyuki na Isiolo, ambako Wameru, Wakikuyu, Wasamburu, Waturkana, Waborana na Wasomali huishi pamoja. Ibada hiyo ni kipimo kizuri: ambapo waumini wa makabila mbalimbali husali kwa lugha moja, Kiswahili kimekwisha kuvuka mpaka wa dini uliokizuia.

5. Shule na siasa ya lugha

Siasa ya shule haikusaidia kwa muda mrefu. Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924 ilipendekeza Kiswahili kisifundishwe nchini Kenya ila pale ambapo kilikuwa lugha ya wenyeji. Kuanzia mwaka 1957 mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza kuenea. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikipa Kiswahili nafasi ya somo la lazima katika shule za msingi, lakini somo lisilo na mtihani halikupata walimu wala bidii. Mwezi wa Julai 1974 Rais Kenyatta aliamuru Bunge litumie Kiswahili. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa bungeni kando yake. Mabadiliko ya kweli yalikuja na mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la kutahiniwa. Hatimaye Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, huku ikiiagiza Serikali kulinda na kukuza lugha mbalimbali za wananchi.

Matokeo yake mlimani yaonekana kwa umri. Waliosoma kabla ya 1985 walikipata Kiswahili sokoni, jeshini au Nairobi. Waliosoma baadaye wamekipata darasani. Kundi la kwanza lina ufasaha wa shughuli bila ya sarufi ya shule. La pili lina sarufi ya shule, na wengi wao hawana mahali pa kuitumia isipokuwa mbele ya mwalimu.

6. Lugha moja si umoja

Ni kosa kudhani kwamba lugha ya pamoja huleta umoja kwa nguvu zake yenyewe. Wanyarwanda wana lugha moja, na mauaji ya mwaka 1994 yalitangazwa redioni kwa lugha hiyohiyo. Wasomali wana lugha moja na dini moja, na dola yao ilianguka mwaka 1991. Uswisi ina lugha nne za kitaifa na imedumu.

Kenya yenyewe imetoa somo chungu zaidi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, sheria ya utangamano wa kitaifa ilipitishwa mwaka 2008 na tume ikaundwa kuitekeleza. Mwezi wa Aprili 2022 tume hiyo ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Yalikuwamo ya Kikuyu, lakini mengi yalikuwa ya Kiswahili: madoadoa, kwekwe, mende, wakuja, wabara waende kwao. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2022, seneta wa Meru alikuwa amekamatwa baada ya kulitamka neno madoadoa katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Msemaji alitoka mlimani, wasikilizaji walikuwa wa Bonde la Ufa, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Neno ambalo nyumbani hutaja tu alama katika ngozi ya mnyama au katika nguo, katika siasa ya nchi hii lilikuwa limekwisha kupata maana ya watu wa kuondolewa.

Neno jingine lafaa kutazamwa. Kikuyu kina neno rũrĩrĩ, ambalo wingi wake ni ndũrĩrĩ. Katika umoja laweza kutumika kwa kabila na hata kwa taifa. Katika wingi, Biblia ya Kikuyu imelitumia kwa watu wa mataifa mengine, na katika mazungumzo ya siasa limekuja kumaanisha makabila yasiyo yetu. Lakini Kiswahili kisijisifu haraka. Katika Biblia ya Kiswahili pia, mataifa ni wale wasio wa jamaa ya Israeli. Neno taifa, ambalo leo limewekwa katika katiba na katika wimbo, limebeba ndani yake maana ya wengine kabla ya kupata maana ya sisi sote. Kazi ya kuligeuza haikufanywa na kamusi. Ilifanywa na watu walioamua kulitumia kwa namna mpya. Neno ndũrĩrĩ nalo halikatazwi na sarufi kufuata njia hiyohiyo.

7. Mahali ambapo umoja hupimwa

Kama lugha yenyewe haitoshi, basi kinachohitaji kuchunguzwa ni jinsi watu wanavyoigawa katika mazungumzo. Katika mikutano mingi ya miji ya mlima, iwe ya kamati ya shule, ya ushirika au ya ofisi, mgawanyo huwa hivi: mkutano hufunguliwa kwa Kiswahili au Kiingereza; salamu, sala na ajenda husomwa kwa lugha hizo. Mjadala unapopamba moto, mtu hutia methali ya Kikuyu, mwingine hujibu kwa Kikuyu, kicheko hutokea, na uamuzi hufikiwa katika lugha hiyo. Kisha mwenyekiti hurudi kwenye Kiswahili kufunga mkutano. Mjaluo, Mluhya au Msomali aliyekuwapo amesikia salamu na sala. Uamuzi hakuusikia.

Katika hali hiyo hakuna aliyetukanwa, wala hakuna aliyekusudia kumtenga mtu. Wenyeji wanaweza kuapa kwa haki kwamba mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, mgeni anatoka akijua kwamba yeye si mmoja wao, na ujuzi huo hudumu kuliko hotuba yoyote juu ya umoja. Hapa ndipo daraja huishia katikati ya mto.

Jambo hili si la adabu tu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ajira za ngazi ya kuingilia zipewe watu wasiotoka katika kabila lenye watu wengi zaidi katika kaunti husika. Vyuo vikuu vilivyoko Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru hupokea vijana kutoka nchi nzima. Sheria yaweza kumpa mtu kiti ofisini. Haiwezi kumpa sikio katika mazungumzo yanayoendelea kumzunguka. Muuguzi asiyejua Kikuyu, katika wodi ambako taarifa za mgonjwa hupokezanwa kwa Kikuyu wakati wa kubadilishana zamu, yuko hatarini yeye pamoja na mgonjwa wake. Nanyuki na Isiolo, ambako hakuna kabila linaloweza kuidhania lugha yake kuwa ya wote, Kiswahili hufika mara nyingi zaidi hadi kwenye uamuzi, kwa sababu asiyeelewa ana wenzake wa kumtetea.

Ni lazima kutaja upande wa pili pia. Watu wa mlima wametawanyika kote nchini, kwa biashara na kwa mashamba. Huko Pwani huitwa wabara. Bonde la Ufa wameitwa madoadoa. Anayelalamika kwamba Mombasa hakuruhusiwa kujihisi nyumbani ana sababu ya pekee ya kuangalia ni katika lugha gani ushirika wake wa Karatina hupiga kura.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa yaonyesha kwamba Kiswahili mlimani kina urithi wa aina tatu: wa Majengo, wa amri na wa soko. Urithi wa Majengo wapaswa kuheshimiwa, kwa kuwatambua wenye Kiswahili kwa lugha ya mama kuwa wenyeji kamili wa miji yao. Urithi wa amri wapaswa kusemwa waziwazi, ili kijana aelewe kwa nini babu yake hakuipenda lugha hii. Urithi wa soko ndio wa kujengea, kwa kuwa sokoni watu huendelea kuzungumza lugha ya pamoja mpaka bei ikubaliwe, hawaiachi njiani.

Kutokana na hayo, idara za lugha zina kazi tatu zilizo karibu. Ya kwanza ni kuchunguza Kiswahili cha mlima kama kilivyo, pamoja na kanuni zake za sauti, na kuwafundisha walimu kanuni hizo ili mzaha wa matamshi ukose mashiko. Ya pili ni kufuatilia safari ya maneno kama madoadoa na wakuja, ili hatari yake ijulikane kabla ya uchaguzi badala ya baada yake. Ya tatu ni kurekodi na kuchambua mikutano halisi, si hotuba, na kuandika ni katika hatua gani lugha hubadilishwa na ni nani huachwa nje. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayodai Kikuyu, Kimeru au Kiembu zipungue nyumbani, kanisani au vitabuni. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, na huenda ni kigumu zaidi: kwamba pale ambapo jambo la wote linaamuliwa, lugha iliyofungua mkutano ndiyo iendelee mpaka mikono inyanyuliwe na hesabu itangazwe.